Nyika Si Msitu Uliokufa

Kuna jedwali moja ambalo mwanafunzi wa Afrika Mashariki hulijua kwa moyo kabla hajajua jina la mti ulio nyuma ya darasa lake. Jedwali hilo huigawa dunia katika kanda za uoto wa asili: msitu wa mvua, nyika ya nyasi na miti michache, jangwa, vichaka vya pwani ya Bahari ya Kati, mbuga za nyasi za nchi za baridi ya kiasi, misitu ya misonobari ya kaskazini, na tundra isiyoota mti. Kila ukanda una safu yake ya mvua, safu yake ya joto, safu yake ya mimea, na mwisho kabisa, pembezoni, safu ya watu. Hapo huandikwa kwa ufupi: wawindaji, wachungaji, wakulima wa ngano, wakata magogo. Mtoto huyakariri hayo, hushinda mtihani, na tangu siku ile huamini kwamba mvua huzaa nyasi, nyasi huzaa ng'ombe, na ng'ombe huzaa Mmasai.

Sina ugomvi na ramani. Ramani ni chombo, na chombo chema hustahili sifa. Wladimir Köppen, mtaalamu wa hali ya hewa aliyezaliwa Urusi, alipotoa mgawanyo wake wa tabia za nchi mwaka 1900, aliifanya mimea kuwa shahidi wake: alitazama mahali mimea ya namna fulani inapokoma, akatafuta kipimo cha mvua na joto kinacholingana na mpaka huo. Hiyo ilikuwa kazi ya akili kubwa, na hata leo inatufaa. Ugomvi wangu ni na mafundisho yaliyopandikizwa juu ya ramani hiyo. Fundisho la kwanza husema kwamba uoto ni kazi ya mbingu peke yake, na binadamu ni mgeni aliyeukuta. La pili husema kwamba penye nyasi pamepungukiwa na miti. La tatu, ambalo ni mtoto wa hayo mawili, husema kwamba pasipolimwa hapana mwenyewe. Mafundisho haya hayakubaki darasani. Yamehamisha watu, yamefilisi hazina, na yamepanda miiba palipokuwa na malisho. Kwa hiyo hayafai kuachwa yapite kama makosa madogo ya vitabu.

Tulichunguze kwanza neno hilo "asili". Vichaka vya pwani ya Bahari ya Kati, ambavyo vitabu huviita uoto wa asili wa nchi yenye mvua za kipupwe, vimelishwa mbuzi, vimechomwa moto na kukatwa kuni kwa maelfu ya miaka. Katika Hispania kuna mbuga za mialoni ziitwazo dehesa: miti imesimama mbalimbali, na chini yake nyasi za kondoo na nguruwe. Mbuga hizo zilitengenezwa na wafugaji, na Ulaya huzisifu na kuzihifadhi kama urithi. Katika bonde la mto Amazon, ndani ya ule msitu ambao watoto hufundishwa kuwa haukuguswa na mtu, kuna mabaka ya udongo mweusi wenye rutuba uliotokana na makaa, mifupa na takataka za vijiji vya kale. Wenyeji wa Amerika ya Kaskazini walizichoma mbuga zao kwa ratiba yao wenyewe kabla ya jembe la Mzungu kufika. Basi, ukiondoa barafu ya Antaktika, ni wapi uoto huo usioguswa? Ulaya mti ukisimama penye nyasi kwa kazi ya mchungaji, kazi hiyo huitwa ustadi. Afrika hali hiyo hiyo huitwa uharibifu. Mizani moja haipimi hivyo. Hizo ni mizani mbili.

Mfano ulio wazi kuliko yote ulitoka Kissidougou, nchini Guinea. Pale kila kijiji kimezungukwa na kisiwa cha msitu katikati ya nyika. Maofisa wa Kifaransa, na baada yao wataalamu wa serikali huru, walivitazama visiwa hivyo wakasema: haya ni mabaki ya msitu mkubwa ulioangamizwa na wanakijiji. Kwa imani hiyo sheria zilitungwa, moto ukapigwa marufuku, na wakulima wakatozwa faini. Wataalamu wawili, James Fairhead na Melissa Leach, walikwenda kuishi huko, wakafanya jambo ambalo wengi waliowatangulia hawakujali kulifanya: waliwauliza wazee. Wazee wakajibu kwamba babu zao waliikuta nyasi, wakaipanda na kuilea misitu hiyo kuzunguka nyumba zao. Picha zilizopigwa na ndege mwanzoni mwa miaka ya 1950 zilipolinganishwa na picha za miaka ya baadaye, wazee wakashinda kesi: miti katika nchi ile ilikuwa imeongezeka. Kitabu chao kilitoka mwaka 1996. Kwa muda wa karne karibu nzima watu walikuwa wameadhibiwa kwa kuangamiza kitu ambacho wao ndio waliokiumba.

Wala tusidhani kwamba kiburi hicho ni cha wageni tu. Sisi watu wa lugha ya Kiswahili tuna deni letu. Jirani zetu wa nyuma ya pwani ya Kenya tuliwaita Wanyika, yaani watu wa porini, na jina lilibeba dharau ndani yake. Ndiyo sababu wenyewe walilikataa, na tangu miaka ya 1940 wakajulikana kwa jina la Mijikenda. Je, ni nani aliyehifadhi msitu katika pwani ile? Ni hao hao Wanyika wetu. Makaya yao yalikuwa makazi yaliyofichwa ndani ya misitu, na hata watu walipotoka kwenda kuishi nje, wazee waliendelea kuilinda misitu hiyo kwa miiko, ukataji wa mti ukiwa kosa la kujibiwa mbele ya jamii. Pande zote miti ilikatwa. Ya makaya ikabaki. Mwaka 2008 Shirika la Elimu, Sayansi na Utamaduni la Umoja wa Mataifa liliyaandika makaya hayo katika orodha ya urithi wa dunia. Jina la dharau ni letu, na msitu ni wao. Msomaji na apime nani alistahili kumfundisha mwenzake.

Sasa nije kwenye nyasi zenyewe. Fundisho la kwamba nyika ni msitu uliokatwa haliwezi kusimama mbele ya umri wa nyika. Nyasi za nchi za joto zilianza kuenea Afrika Mashariki miaka kama milioni 10 iliyopita, zamani sana kabla ya binadamu yeyote kushika shoka. Zimedumu kwa mapatano ya watatu: mvua ya majira, moto, na mnyama alaye. Likiguswa moja, yote hutikisika. Serengeti imetoa ushahidi wa jambo hilo. Mpaka mwanzo wa miaka ya 1960 nyumbu wa huko walikuwa wakiuawa na ugonjwa wa sotoka, nao walikadiriwa kuwa kama 250,000 tu. Ng'ombe wa wafugaji walio kando ya hifadhi walipochanjwa, ugonjwa ukakoma kwa nyumbu pia, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 idadi yao ilizidi 1,000,000. Nyumbu wakala nyasi, nyasi kavu zikapungua, moto ukakosa cha kuunguza, na miti michanga ikapata nafasi ya kukua. Kwa sindano iliyochomwa katika shingo ya ng'ombe wa mtu, miti iliongezeka katika mbuga ambayo vitabu huiita ya asili. Ni mkono wa nani basi ambao haumo?

Mkono huo ni wa kale. Katika kaunti ya Narok, kusini-magharibi mwa Kenya, watafiti walichimba mahali palipokuwa maboma ya wafugaji kati ya miaka 1,500 na 3,700 iliyopita. Waliona kwamba samadi iliyolala ndani ya maboma hayo imeurutubisha udongo mpaka leo, na juu yake humea nyasi laini katika viwanja vya wazi vinavyopendwa na wanyama wa mwitu. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2018. Maana yake ni nzito. Swala anayepigwa picha na mtalii akila katika uwanja wa kijani kibichi, huenda anakula katika zizi la mfugaji aliyekufa kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Na mjukuu wa mfugaji huyo huambiwa kwamba ng'ombe ni adui wa swala.

Hapa ndipo fundisho la tatu linapozaliwa, lile la nchi tupu. Kati ya mwaka 1890 na 1892 sotoka iliingia Umasaini na kuua sehemu kubwa kabisa ya ng'ombe. Ndui ikafuata, na njaa ikafuata ndui. Mwaustria Oscar Baumann alipopita Ngorongoro mwaka 1892 aliwakuta watu waliokondeana wakitafuta cha kula. Pasipo ng'ombe wa kula majani, wala watu wa kufyeka na kuchoma, vichaka viliinuka mahali pengi pa Afrika Mashariki, na katika vichaka mbung'o akapata makao, akazuia watu kurudi. Watawala wa kikoloni walifika wakati huo. Walitazama wakaona pori kubwa lisilo na mtu, wakaandika katika ramani zao: nchi tupu. Kumbe walikuwa wakitazama kaburi, wakalidhani bustani ya Edeni.

Juu ya kosa hilo mengi yalijengwa. Hifadhi ya Serengeti ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na mwaka 1959 wafugaji walitolewa humo. Ilidaiwa kuwa wanyama na watu hawakai pamoja, ilhali wanyama walikuwa wengi pale hasa kwa sababu walikuwa wamekaa pamoja na watu wa namna ile. Waliohamia Ngorongoro waliahidiwa makao. Mwaka 1975 wakakatazwa kulima. Na tangu mwaka 2022 baadhi ya wakazi wamehamishiwa Msomera katika wilaya ya Handeni. Serikali imesema kuwa wanaohama wanahama kwa hiari yao. Wapinzani wa mpango huo wamesema kwamba hiari ya mtu aliyepunguziwa huduma si hiari. Sitaki kuihukumu kesi hiyo katika ukurasa mmoja. Nasema tu kwamba hoja inayotumiwa tangu mwaka 1959 hadi leo ni moja, nayo imetoka moja kwa moja katika lile jedwali la darasani: uoto upande huu, watu upande ule.

Aliyedhani kwamba makosa ya namna hii huwaumiza wanyonge tu, na akumbuke Kongwa. Baada ya vita vikuu vya pili Uingereza ilikosa mafuta ya kupikia. Mwaka 1946 ujumbe ulitumwa kuizunguka Afrika Mashariki na Kati kwa wiki chache, mara nyingi kwa ndege, na kutoka juu Ugogo ulionekana kuwa pori la bure. Mpango ukatungwa wa kulima karanga katika ekari zaidi ya milioni 3, sehemu kubwa katika Tanganyika. Kazi ilianza mwaka 1947. Mibuyu ilivunja matrekta, mchanga mkali ulikula vyuma vya majembe, udongo wa mfinyanzi ulipokauka uligeuka kama saruji, na karanga zikanaswa ndani yake, mvua ikagoma. Mwaka 1951 mpango ulikatwa, na fedha zilizopotea zilihesabiwa kuwa pauni milioni 36 hivi. Wagogo walikuwapo muda wote huo. Walijua kwamba nchi yao ni ya uwele na mtama, na kwamba mwenye busara hakusanyi ng'ombe wake wote pamoja, bali huwagawa kwa ndugu na marafiki wa mbali, ili ukame wa hapa usimmalize. Nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Wale hawakulala ndani, tena walipita juu ya paa.

Mtu anaweza kusema kwamba hayo ni ya zamani, na kwamba siku hizi tumeelimika. Laiti ingekuwa hivyo! Mwaka 2015 serikali za Afrika na wafadhili wao zilianzisha mpango wa kurudisha uoto katika hekta milioni 100 za bara hili ifikapo mwaka 2030. Nia ni njema, na kuna mahali ambapo msitu ulikatwa kweli na unapaswa kurudishwa. Lakini mwaka 2019 jarida mashuhuri la sayansi lilichapisha makala iliyodai kwamba dunia ina nafasi ya miti mipya ya kufunika hekta milioni 900, na katika ramani ya nafasi hiyo nyika zetu zilitiwa rangi kama ua lisilopandwa kitu. Wataalamu wengi wa nyika walijibu mwaka huo huo kwamba hesabu ilikuwa imezidishwa na kwamba nyasi za kale zimehesabiwa kuwa upungufu. Jibu lao halikusikika sana. Mti una sura ya wema. Ni rahisi kumpiga picha waziri akipanda mti, na ni vigumu kumpiga picha akiacha nyasi zikae.

Matunda ya mti uliopandwa pasipo kuuliza yanajulikana Baringo. Katika miaka ya 1980 mti wa Amerika ya Kusini uliletwa huko ili kuzuia jangwa, na wenyeji wakaupa jina la mathenge. Ukastahimili ukame kuliko ulivyotarajiwa. Ukafunga malisho, ukaziba njia za maji, miiba yake ikachoma miguu ya watu na mifugo, na sukari ya maganda yake ikaozesha meno ya mbuzi. Mwaka 2006 wananchi walipeleka shauri lao mahakamani, wakafika na mbuzi asiye na meno kuwa ushahidi. Wengine walicheka. Mimi naona kwamba hapakuwahi kuletwa mahakamani shahidi aliyesema kweli tupu kama yule, maana hakuna wakili awezaye kubishana na kinywa chake.

Wako watakaonijibu kwamba dunia inapata joto, na mti ndio dawa. Joto la dunia ni kweli, wala halihitaji kubishaniwa. Lakini dawa hupimwa kwa ugonjwa na kwa mgonjwa. Nyasi za nyika huweka kaboni yake nyingi chini ya ardhi, katika mizizi na udongo, ambako moto haufiki. Mti uliopandwa penye moto wa kila mwaka huiweka juu, tayari kwa kuungua. Tena mti hunywa. Afrika Kusini ilijifunza hayo kwa gharama: misonobari, mikaratusi na migunga ya kigeni ilikausha vijito vya milimani, hata mwaka 1995 serikali ikaanzisha kazi kubwa ya kuikata ili maji yarudi mitoni. Isitoshe, mkaa uliojaza hewa kwa sehemu kubwa ulichomwa katika viwanda vya mataifa mengine. Kumtaka mchungaji wa Afrika atoe malisho yake ili moshi wa mwingine ufichwe, ni kumtoza kodi mtu ambaye hakununua kitu.

Wengine watasema kwamba wafugaji wenyewe wameiharibu nchi kwa mifugo mingi. Ni kweli kwamba yako malisho yaliyochakaa, na asiyekubali hilo anajidanganya. Hata hivyo, atakayeulaumu umati kwa kusongamana ndani ya chumba, na aulize kwanza ni nani aliyefunga vyumba vingine. Kisha atazame Shinyanga. Vichaka vya huko vilifyekwa kwa miaka mingi, kwanza kumpiga vita mbung'o na baadaye kupata mashamba ya pamba, mpaka watu wakaiona nchi yao kuwa jangwa linalokuja. Mwaka 1986 serikali ya Tanzania ilianza mpango wa kuhifadhi udongo huko. Kilicholeta tija hakikuwa miche ya kigeni. Ilikuwa ngitili, desturi ya kale ya Wasukuma ya kuyafunga malisho wakati wa masika ili yaliwe wakati wa kiangazi. Ngitili ziliporudishiwa heshima, visiki vilichipua vyenyewe, na mamia ya maelfu ya hekta yakapata miti, nyasi, kuni, asali na dawa. Miti ilirudi kwa mkono wa mfugaji, kwa sababu ya ng'ombe wake, kwa sheria ya kijiji chake. Yule aliyeandikwa katika safu ya pembezoni ndiye aliyekuwa na ufunguo.

Basi tunataka nini? Hatutaki ramani zichomwe. Tunataka kitabu cha shule kimweleze mtoto kwamba uoto wa nchi yake ni mazungumzo marefu kati ya mvua, moto, mnyama na mtu, na kwamba mtu katika mazungumzo hayo ana sauti. Tunataka jedwali liongezwe safu moja inayouliza: watu hawa wameifanyia nini mimea yao, na kwa ujuzi gani? Tunataka neno "pori tupu" litolewe katika mipango ya serikali mpaka athibitishwe kwamba hakuna anayepita hapo kwa majira, anayetundika mzinga, anayechimba mizizi ya dawa, au anayepumzisha malisho kwa ajili ya kiangazi. Lugha ya Kiswahili na jirani zake zina utajiri wa majina ya nchi: mbuga, nyika, mbuga za mfinyanzi, miombo, magugu, kichaka, ukame. Neno miombo wataalamu wa dunia nzima wamelichukua kutoka vinywani mwetu, kwa kuwa hawakuwa na lao. Watu wenye majina mengi kiasi hicho hawawezi kuwa watu wasioiona nchi yao.

Na anayetaka kupanda mti katika nyika, na ataje kwanza majina kumi ya nyasi atakazozifunika kwa kivuli chake, na aseme kila moja huliwa na mnyama gani, katika mwezi gani, na nani anaimiliki. Akiweza, apande. Akishindwa, aweke jembe chini, akamwulize mchungaji.